Mji Usio na Fundi

Walimwita Chiriku tangu ana miaka miwili, kwa sababu alianza kuongea mapema na hakuona sababu ya kupumzika. Baba yake alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa fundi wa lifti, na miaka ishirini na minne ya kufanya kazi peke yake ndani ya mashimo marefu yenye giza ilikuwa imempunguzia hata yale maneno machache aliyozaliwa nayo. Akirudi nyumbani alivua ovaroli mlangoni, akanawa mikono mara tatu kwa sabuni ya unga, akauliza, "Mpo?" Mama, aliyekuwa akishona sare za shule chumba cha mbele, alijibu, "Tupo." Mazungumzo yalikuwa hayo, na ndoa ilikuwa imedumu.

Alipotimiza miaka kumi na saba, amemaliza mtihani wa sekondari na anasubiri matokeo, Chiriku aliandika riwaya. Alikuwa amesoma riwaya za vijana za kila namna: za majoka yanayozungumza, za vyombo vya kwenda nyota za mbali, za wasichana wanaogundua siku ya kuzaliwa kwao kwamba damu yao si ya kawaida. Nyingi zilikuwa zimepita mikono mingi hadi majalada yamelegea kama vitambaa. Siku moja alifunga moja akajiambia, mbona hata mimi naweza. Miezi minne baadaye alikuwa na madaftari makubwa matatu yaliyojaa pande zote.

Riwaya ilihusu mji uliokaa chini ya wingu lisiloondoka. Katikati ya mji palikuwa na lifti iliyopanda kwa siku tatu, ikatoboa wingu na kufika kwenye mji mwingine wenye jua. Mwendeshaji wake alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Katika sura ya saba kamba ilikatika, lifti ikaanguka na abiria wote, akapona yeye peke yake kwa sababu alikuwa na mbawa ambazo hakujua kwamba anazo. Sura hiyo Chiriku aliipenda kuliko zote. Aliiandika mara tano, na kila mara aliongeza mayowe.

Madaftari aliyasahau juu ya meza ya chakula, kusahau kule kwa makusudi. Alitaka mama ayaone. Aliyeyaona ni baba.

Kwa wiki mbili, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, baba alikunywa chai yake daftari likiwa wazi mbele yake. Hakumwambia mtu. Chiriku aligundua siku alipotaka kurekebisha sentensi katika sura ya kwanza, akakuta pembeni mwandiko mdogo wa penseli: "Kamba moja haitoshi. Huwa sita." Akafunua ukurasa. "Mlango wa nje haufunguki kama lifti haijafika." Mbele kidogo: "Mota ya namna hii ingeungua." Akahesabu, yakawa maelezo arobaini na moja, na hakuna hata moja lililosema kama hadithi ni nzuri au mbaya. Sura ya saba, pale mayowe yanapoanza, baba alikuwa ameandika: "Haianguki. Hata kamba zote zikikatika, breki za chini hubana reli. Futa." Na katika sura ya nne, msichana akiwa amekaa ndani ya lifti siku tatu: "Huyu mtoto alikula nini?"

Jioni ile alimvizia mlangoni.

"Baba, umenichorea kitabu!"

"Nimetumia penseli."

"Lakini hii ni hadithi. Kuna watu wana mbawa humu!"

"Mbawa sizijui," baba alisema, akifungua vifungo vya ovaroli. "Sikuziandikia kitu. Lifti naijua."

"Sasa lifti isipoanguka, mimi sina hadithi."

Shida ya kumwambia baba jambo ni kwamba alilifikiria kweli. Alisimama pale na mguu mmoja ndani ya ovaroli, mmoja nje.

"Basi huna," akasema, akaenda kunawa mikono.

Chiriku alinuna siku nane. Nyumba ikapoa hadi jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Aliyechoka wa kwanza ni mama.

"Hebu njoo unishikie upindo huu," alimwita, na Chiriku aliposhika akamwambia bila kuinua macho kwenye sindano: "Nimeishi na baba yako miaka ishirini. Gazeti husoma nusu. Karatasi za dawa mimi ndiye namsomea. Chako amekimaliza, na siku mbili alichelewa kazini kwa ajili yake. Unamnunia mtu aliyekusoma neno kwa neno. Utampata wapi mwingine?"

"Hajasema hata kama amekipenda."

"Mimi pia hajawahi kuniambia," mama alisema. "Vuta hapo, unalegeza."

Ijumaa baba mwenyewe alisimama mlangoni mwa chumba cha Chiriku. "Kesho nina ukaguzi," alisema. "Vaa viatu vya kufunga kamba."

Lilikuwa jengo la ofisi la ghorofa kumi, tupu kwa kuwa ni Jumamosi. Chumba cha mashine kilikuwa juu ya paa, mlango wake wa chuma, ndani kunanuka mafuta na vumbi la moto. Chiriku alitegemea kuona kitu kikubwa. Aliona mota isiyozidi pipa, gurudumu lenye mifereji, na kamba sita za chuma, kila moja nene kama kidole gumba, zikishuka kwenye tundu la sakafu. Baba alimwonyesha jinsi lifti inavyopanda huku vyuma vizito vikishuka upande wa pili kuisawazisha, ili mota isibebe mzigo wote. Alipitisha tambara kwenye kila kamba taratibu, akitafuta uzi uliochomoza. Aliandika tarehe kwenye kadi iliyoning'inia ukutani. Kadi nzima ilijaa tarehe, na zote ziliandikwa kwa mwandiko wake.

Ndipo simu ikaita. Jengo la pili, lenye kliniki, lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, na kulikuwa na mtu ndani. Wakateremka ngazi mbiombio, wakavuka ua.

"Mimi napanda juu kuishusha kwa mkono," baba alisema, akihema. "Wewe kaa mlangoni ghorofa ya tano, uongee na aliyemo."

"Niseme nini?"

"Chochote. Ila usinyamaze."

Katika maisha yake yote, hiyo ilikuwa mara ya kwanza baba kumwomba aongee. Na alipopiga magoti mbele ya ule mlango uliofungwa, kwa mara ya kwanza pia hakupata la kusema.

"Shikamoo huko ndani," alisema mwishowe.

"Marahaba," ilijibu sauti ya mwanamke, mtu mzima. "Wewe ndiye fundi?"

"Hapana, mimi ni binti yake. Fundi ameenda juu."

"Mh," ilisema sauti.

"Usiogope, bibi. Haianguki. Kamba ziko sita, na hata zikikatika zote, kuna breki zinazobana reli."

"Nani amekuambia naogopa kuanguka?" Sauti ilikuwa kali kidogo, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Nimebonyeza kengele hii nusu saa nzima. Nasikia watu wanapita, wanacheka, wanateremka ngazi. Nilichokiogopa ni kufungua macho Jumatatu, niko hapa hapa na mkoba wangu, na hakuna aliyejua kama nipo."

Chiriku akakaa kitako sakafuni.

"Mbona umenyamaza?" sauti iliuliza haraka. "Ongea. Ulikuwa unaongea vizuri."

Basi akamsimulia riwaya yake, kwa kuwa ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho. Akaanza na mji na wingu, kisha lifti, kisha msichana.

"Ana mama, huyo msichana?"

"Hapana, alikufa zamani."

"Nilijua! Nimesomesha watoto miaka thelathini, na kila kitabu walichonipa nisome, mama amekufa ukurasa wa kwanza. Sisi mama zenu tumewakosea nini?"

Chiriku alicheka, akasikia na bibi upande wa pili anacheka. Akaendelea. Lakini alipoifikia sura ya saba alisita. Sentensi zote alikuwa anazijua kwa moyo, hata mayowe, na hakuna hata moja iliyokubali kutoka mdomoni. Hawezi mtu kuiangusha lifti mbele ya mwenzake aliyemo ndani ya lifti.

"Halafu?" sauti ilidai.

"Halafu... ikasimama."

"Ikasimama wapi?"

"Katikati ya wingu. Hawaoni juu, hawaoni chini. Na hawajui kama kuna mtu anajua kwamba wapo."

"Ehee," bibi alisema polepole. "Hapo sasa umesema kweli."

Juu kitu kiligonga, kamba zikalia, na lifti ikaanza kushuka kidogo kidogo kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Chiriku alikimbilia ghorofa ya nne. Baba alipofika na kuufungua mlango kwa ufunguo wake, akatoka bibi mfupi mwenye miwani, mkoba kifuani. Alimtazama baba, akamtazama binti.

"Mtoto wako anaongea sana," alimwambia.

"Ndiyo," baba alisema. "Ni bahati yetu."

Bibi akashuka kwa ngazi, akishika ukuta. Wao walikaa kwenye ngazi hizohizo na chupa ya chai, baba akimega mkate kwa vidole ambavyo havikutakata. Aliposema, ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote ambazo Chiriku aliwahi kuzisikia kutoka kwake.

"Kuna jambo sikuliandika kule pembeni, sikujua niliandike wapi. Kitabu chako hakina fundi. Mji mzima una lifti ya kwenda hadi kwenye jua, inabeba watu kila siku. Nani anaipaka grisi? Nani anapitisha tambara kwenye kamba? Ilipoanguka, wewe uliwalilia abiria. Mimi nikawa najiuliza, fundi alikuwa wapi siku hiyo? Nimemtafuta kurasa zote, hayupo." Akanywa chai. "Watu wanaingia wananiamini, na hawajawahi kuniona. Nikifanya kazi yangu vizuri, hakuna mtu anayekuwa na la kusimulia akifika nyumbani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Chiriku alimmiminia chai nyingine. Kuna maneno ambayo ukiyajibu upesi unayaharibu, na hilo alilijua siku ile.

Aliiandika upya kwa miezi saba. Matokeo ya mtihani yalitoka mwanzoni, ya kutosha, akaanza chuo, akawa anaandika kati ya vipindi. Lifti ilikwama wingu likiwa pande zote, na abiria kumi na mmoja ndani wakaanza kujuana. Nje, shimoni, mtu mmoja alipanda siku mbili na ndoo ya grisi begani, hajui kama watu wale bado wana uhai, anagonga chuma kila hatua ili wamsikie. Mbawa za msichana alizibakiza, ila shimo la lifti ni jembamba, hazikukunjuka. Na mama yake alikuwa hai, tena mkali.

Mhariri aliyeipokea alikuwa mwanamke wa kampuni ndogo ya vitabu vya shule iliyotaka kuanza kuchapisha riwaya za vijana. Aliipenda, akasema hivyo wazi, kisha akasema sura ya grisi ina kurasa kumi na tisa. "Mdogo wangu," alimwambia kwenye simu, "niambie kijana gani atakaa na grisi kurasa kumi na tisa." Zikabaki nne. Chiriku alilia mezani, na baba akauliza wamekata wapi.

"Grisi."

Baba akatikisa kichwa. "Hata wenye majengo, wakipunguza gharama huanzia hapo," alisema.

Siku kitabu kilipokuwa kinachapwa, mhariri alimchukua hadi kiwandani, akidhani atataka kuliona jalada. Jalada alilitazama kidogo tu. Aliuliza karatasi zinakunjwaje, nani anapanga kurasa zisipishane, gundi inakauka kwa muda gani, hadi msimamizi akatafuta kazi upande mwingine. Mwisho alisimama mbele ya mashine ya kukatia karatasi, yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, akausogeza mkono wake karibu ili aone makali.

"Toa mkono, dada," alisema mwanamke aliyeiendesha, mwenye aproni ya buluu na penseli nyuma ya sikio.

"Kinaweza kushuka chenyewe?"

"Hakishuki." Mwanamke alimwonyesha vitufe viwili, kimoja kila upande wa meza. "Mpaka nibonyeze vyote kwa pamoja, mikono yangu yote miwili iko huku. Mtu wa kwanza kukitengeneza alifikiria vidole vyangu."

"Na wewe unakikagua saa ngapi?"

Mwanamke alimgeukia, akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani kwake na mgeni ambaye hakumtegemea.

"Asubuhi," alisema. "Kabla wenzangu hawajafika. Njoo huku nikuonyeshe."