Mvinyo Ulioachwa Upumue

Je, wewe umewahi kukitema kitu ukidhani kimechacha, kumbe ndivyo kilivyotakiwa kiwe?

Bi Mbodze alikitema. Alikuwa ametoka Kaloleni kuja kumtazama mjukuu wake Stacy, anayepanga chumba Mwembe Tayari, na Stacy akamwekea mezani gilasi ya mvinyo mweupe, rangi yake kama samli iliyoyeyuka. Kesho Stacy angesimama mbele ya mkuu wa hoteli anakofanya kazi auelezee mvinyo huo. Akiweza, ataacha kuosha gilasi, awe yeye wa kumimina. Na wiki nzima alikuwa na neno moja tu la kuuelezea: mkavu, yaani usio na utamu.

Bi Mbodze alidondoshea wazee waliotangulia matone mawili sakafuni, akatoa mkobani uronjo, ule mrija wake wa kunywea mnazi, tembo la minazi, akafyonza. Papo hapo akatema kikombeni.

"Huu umelala. Babuyo Kaingu kagema miaka thelathini, na mnazi wa hivi tulikuwa tukiulia siafu."

Stacy akacheka. "Haujaharibika, Hawe," akamwambia bibi yake. "Pipa halijazwi, huachwa nafasi juu, mvinyo ukae na hewa miaka na miaka. Na huo uronjo uweke kando, unakunyima harufu. Tia pua ndani ya gilasi."

"Pua ndani ya kinywaji. Ndiyo adabu ya hotelini hiyo."

Lakini aliitia. Akafumba macho, akavuta harufu.

"Waonaje?" Stacy akauliza.

"Korosho. Si hizi za pakiti. Zile tulizochoma na maganda yake juu ya bati, zikababuka upande mmoja." Akanywa, safari hii polepole. "Kuna na ndimu iliyoanikwa ikakauka. Halafu mwisho kabisa chumvi, kama umelamba kidole baada ya kula."

Stacy aliandika yote mgongoni mwa bahasha, akanywa naye, akaikuta korosho pale pale ilipotajwa. Machozi yakamlengalenga.

"Asante, Hawe."

Bi Mbodze aliizungusha gilasi mkononi. Mitungi mingapi ya mnazi aliibeba kichwani, na habari za ladha wateja wakamuuliza Kaingu, si yeye.

"Asante ni wewe, mwanangu," akasema. "Miaka yote ile nilitaka mtu mmoja tu aniulize: Mbodze, waonaje?"