Ngozi Iliyobaki

Jasper alipokuwa mnene hakuwa na haya. Alivua shati mbele ya mtu yeyote, akacheka tumbo lake kabla watu hawajalicheka. Aibu ilianza alipokonda.

Alikuwa sajenti katika bendi ya polisi ya Uganda, Mwacholi wa Gulu huko kaskazini, mpigaji wa tarumbeta kubwa la besi. Mkewe, Benedicte, alikuwa mwanamke wa Bukavu aliyekimbia vita na kupata meza ya vitenge katika soko la Nakawa, Kampala. Yeye hakujua Kiacholi, mume hakujua Kishi cha kwao mke, kwa hiyo nyumba yao ya Kyebando iliendeshwa kwa Kiswahili, cha kambi za polisi upande mmoja na cha Kongo upande wa pili. Binti yao wa pekee, Lakica, alikuwa Gulu akisomea ualimu.

Ugonjwa wa sukari ndio uliomtisha Jasper. Aliambiwa asipopungua atakatwa miguu. Akaacha soda na chapati, akaanza kwenda kazini kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni, mvua na jua. Watu walidhani atachoka baada ya mwezi. Hakuchoka. Miaka ilipopita, nusu ya Jasper ilikuwa imekwenda na sukari imetulia.

Lakini ngozi ilibaki. Ilining'inia kutoka tumboni hadi mapajani, tupu, imekunjamana. Chini ya mkunjo jasho lilikaa siku nzima, ukurutu ukatoka, ukapasuka, ukanuka. Siku za gwaride mkanda wa sare ulimchuna mpaka damu. Akaanza kuoga amefunga mlango kwa komeo, na kulala na fulana hata wakati wa joto.

"Mama Lakica," alimwambia mkewe siku moja, "ni kama nimebeba maiti ya mtu mwingine."

"Maiti gani? Ni wewe mwenyewe huyo," Benedicte alisema. "Mimi nimelalamika?"

"Wewe hulalamiki. Mimi ndiye ninayeibeba."

Wakaenda kumwona Daktari Akidi, mpasuaji mwanamke katika hospitali moja ya binafsi. Daktari alieleza kwa Kiingereza, taratibu na kwa kirefu. Kiingereza cha Benedicte kilikuwa cha sokoni, cha bei na rangi na urefu wa kitambaa. Alimwona daktari akichora mstari hewani kutoka nyonga hadi nyonga. Kisha akamwona akijishika nyuma ya mguu, akapandisha mkono hadi kifuani.

"Anasemaje?" aliuliza walipotoka.

"Anasema kila upasuaji una hatari yake. Nisivute sigara. Nikitoka kitandani nitembee tembee."

"Na ule mguu aliokuwa anaushika?"

"Mambo ya madaktari tu."

Jasper alikuwa amesikia yote. Alikuwa ameambiwa kidonda kinaweza kufumuka, maji yanaweza kukusanyika chini ya ngozi, na ngozi yenyewe inaweza kufa pembezoni. Alikuwa ameambiwa pia kwamba watu waliowahi kuwa wanene kama yeye wako katika hatari zaidi ya damu kuganda mguuni, ikapanda hadi kwenye mapafu, ikaua. Alijua mkewe akisikia hilo atakataa. Basi akalimeza.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Benedicte alipoingia wodini alimkuta mumewe amechoka, amepauka, mirija miwili ya plastiki ikitoa damu nyepesi ubavuni, naye anatabasamu.

"Funua shuka uone," alinong'ona. "Ni bapa."

Aliruhusiwa kurudi nyumbani na dawa, sindano za kuzuia damu kuganda, na soksi ndefu za kubana miguu. Nyumbani mambo yakawa mengine. Kila alipojaribu kusimama wima mshono ulivuta, ikabidi atembee ameinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Hatua chache tu, akarudi kulala. Soksi alizivua kwa sababu ya joto. Upande mmoja wa kidonda ngozi ilianza kuwa nyeusi, maji yakachuruzika. Benedicte aliacha meza yake kwa jirani wa sokoni, akakaa na kidonda kile. Alikisafisha, alikinusa, alikiangalia kwa tochi ya simu. Aliamini kwamba shari ikija, itaingilia hapo.

Jumapili, walipomaliza chai, Jasper alisema mguu wa kushoto umekaza. Benedicte aliushika. Nyuma, kwenye nyama ya mguu, palikuwa pamevimba na pana moto.

"Tumpigie daktari?"

Jasper alishusha mguu sakafuni. Aliutazama mguu, akautazama mlango.

"Ni kulala sana tu. Kesho tunakwenda kubadilisha bandeji, nitamwonyesha. Nikimpigia leo atanirudisha wodini kwake."

"Una uhakika, Baba Lakica?"

"Nikande tu. Patalegea."

Benedicte alipasha moto mafuta ya yaa, yale mazito ya kokwa za mti wa kaskazini ambayo wifi yake Akot huwatumia kutoka Gulu, akaukanda mguu. Alianzia kisigino akapanda taratibu, kwa nguvu zake zote, kwa vidole vilivyozoea kukunja vitenge. Jasper alifumba macho, akaguna. Walizungumza juu ya Lakica, na kijana aliyesemekana kumfuata chuoni. Wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wodini.

Asubuhi Jasper aliamua kuoga mwenyewe. Aliporudi chumbani akavaa suruali ya sare, ambayo hakuna aliyemwambia aivae, akafunga mkanda juu ya bandeji.

"Njoo uone!" aliita.

Benedicte alitokea mlangoni na kikombe mkononi. Alimwona amesimama karibu wima. Kisha uso wa mumewe ukabadilika, kama mtu aliyeulizwa swali gumu ghafla. Akajishika kifua. Hewa ilikuwa ikiingia kidogo kidogo, kwa sauti.

"Benedicte," alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina tangu Lakica azaliwe.

Fadhul, jirani na dereva wa polisi, alimbeba mgongoni hadi kwenye gari. Walipofika Bukoto, njiani kwenda hospitali, magari yalikuwa yamesimama kwa foleni. Fadhul alipiga honi na kupiga kelele nje ya dirisha, na Benedicte akaendelea kumpepea mumewe kwa kanga hata baada ya kifua kuacha kupanda.

Hospitalini, Daktari Akidi alikuja kukaa naye kwenye benchi. Alijitahidi kwa Kiswahili.

"Mama, mguu haukumuuma?"

"Uliuma. Jana."

"Nilimwambia mguu ukiuma aje mbio. Nilimwambia vizuri."

"Ulimwambia yeye," Benedicte alisema. "Kwa Kizungu. Mimi nilikuwa nimekaa palepale."

Daktari alimsogelea kwenye benchi.

"Niliukanda," Benedicte alisema. "Kwa mafuta. Kwa nguvu. Ni mikono yangu?"

"Mguu kama ule hatukandi," daktari alisema. "Lakini ile damu iliyoganda inaweza kuondoka yenyewe, mtu akisimama tu. Sijui, mama. Hakuna atakayejua."

Benedicte angependa adanganywe.

Walimzika Gulu. Bendi ilituma watu, wakapiga vizuri. Matanga yalipoisha, Lakica alimkalisha mama yake nyuma ya nyumba, mahali ambapo shangazi Akot hangesikia, akamwomba amweleze yote. Benedicte alimweleza: daktari na mkono wake, soksi, mguu wenye moto, namna alivyoanzia kisigino akapanda. Hakujipunguzia hata neno moja.

Lakica alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akaenda kuosha sufuria za msiba zilizokuwa zimerundikwa uani, akazisugua kwa mchanga mpaka zikang'aa, zote, peke yake.

Sasa amerudi chuoni. Hupiga simu kila Jumapili, huuliza juu ya soko, mvua, na kodi ya nyumba. Hajawahi kumlaumu mama yake. Wala hajawahi kumwambia kwamba si kosa lake, na Benedicte, akiwa ameshika simu sikioni baada ya mtoto kuaga, hukaa kidogo kabla ya kuiweka chini.