Kioo Juu ya Sufuria

"Inachemka bila moto," mama mkwe alisema kutoka mlangoni, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza.

Chini ya kioo, ndani ya sufuria, gundi ya epoksi ilikuwa inafura kama maziwa yanayotaka kumwagika. Sakafuni, kompresa niliyoing'oa kwenye friji bovu ilinguruma, ikifyonza hewa ya sufuriani kupitia mpira, ili mapovu yatoke kwenye gundi. Miaka ile nilikuwa natengeneza vidani, nikizamisha maua makavu ya wateja ndani ya gundi hiyo, na kila kidani kilitoka na vijipovu kama kimetemewa mate. Fundi vioo alinionya kwamba kioo cha dirisha hakifai, hakihimili kufyonzwa hewa. Lakini ndicho kilichokuwepo.

"Ni hewa tu inatoka, mama."

"Hewa." Alilitamka neno kama anayeonja mboga iliyochacha.

Tangu ahamie kwetu, alitilia shaka kila nilichogusa. Alinusa vikombe vyangu vya kuchanganyia. Aliuliza sufuria kubwa imekwenda wapi, hali anaiona. Nami sikuwa nyuma: akienda kuongea na simu koridoni, nilipunguza redio nikatega sikio. Jioni mume wangu alikuwa akiniuliza, kwa upole wa mtu aliyefundishwa swali, "Eti unapika nini huko jikoni?" Nikajua kikulacho ki nguoni mwako. Na mume wangu alishaniapia: mchezo ule ukileta balaa, vyombo vyote vinakwenda jalalani.

Siku ile mama mkwe hakubanduka mlangoni. Niliinama, pua karibu iguse kioo. Mapovu yalikuwa yanakwisha, na gundi imeanza kung'aa kama maji ya chemchemi.

"Kioo kimelia," alisema.

"Ni kompresa hiyo."

"Nimesema kimelia. Toka hapo."

"Mama, niache nifanye kazi yangu!"

Hakuniacha. Alinikwida kola ya blauzi kwa nguvu nisizozijua, akanivuta, tukaanguka wote wawili koridoni. Nilifungua kinywa nimpe yote niliyokuwa nimeyameza tangu aje. Kioo kikanitangulia. Mlio mmoja, mzito, kama lango la chuma limebamizwa. Vipande vikazama sufuriani, vikaruka hadi darini. Kimoja kilijikita kwenye fremu ya mlango, usawa wa macho ya mtu aliyeinama.

Kompresa iliendelea kunguruma, haina habari.

Mume wangu alitukuta tunafagia. "Kumetokea nini?" Alimuuliza mama yake, si mimi. Nikakaza vidole kwenye mpini wa ufagio, nikingoja.

"Nimeangusha kioo," mama mkwe alisema. "Mikono ya uzee hii. Mtafutie mkeo kingine."

Alimtazama mpaka mwanawe akageuka kwenda kuvua viatu.

Nilimkazia mama mkwe macho, nikitafuta mtego ulipo. Yeye alikuwa anachana ukingo wa shuka kuukuu kwa meno.

"Lete kidole," alisema. "Unadondosha damu kwenye sakafu yangu."