Siku Ishirini za Gesche

Siku ya mkutano wa ukoo wa Tiedemann, mwaka 1990, vitabu vya historia yao, nakala sitini, vilikuwa vimepangwa mezani katika ukumbi ulio chini ya kanisa, jirani na bakuli la saladi ya viazi. Arlene alifungua kimoja, akasoma mstari mmoja wa ukurasa wa tisa, damu ikamchemka.

"Vuli ya mwaka 1918 Gesche aliugua, akaenda kupumzika kwa ndugu zake."

"Merle," alimwita binamu yake, mwenyekiti wa ukoo. "Nilikukabidhi karatasi za mahakama tangu Februari. Zimekwenda wapi?"

Merle hakuinua macho kwenye paja la nguruwe alilokuwa akilikata. "Arlene, leo watu wamekuja kula na kufurahi. Mambo ya jela ya nini?"

Arlene alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na kwa miaka miwili alikuwa akimtafuta huyo Gesche, bibi mzaa babu yake. Alianza na orodha ya abiria wa meli: Gesche, miaka kumi na minane, mtumishi wa ndani, peke yake, kutoka Ujerumani ya kaskazini. Akamfuata kwenye madaftari ya ubatizo, kisha kwenye shamba la mahindi hapa Iowa, Marekani, mpaka chumba cha chini cha mahakama ya wilaya, kwenye daftari lililonuka ukungu. Humo ndimo alimoikuta kesi yake.

Mwaka ule wa vita, Kijerumani kilipigwa marufuku, hata kwenye simu. Mume wa Trientje, dada yake Gesche, alishikwa na homa ya mafua, hapumui vizuri. Trientje hakujua neno la Kiingereza. Gesche akampigia, akamweleza kwa lugha yao amwinue mgonjwa kwa mito na amnyweshe nini. Simu ilikuwa ya laini moja kwa mashamba manane, na jirani mmoja alikuwa amesikiliza. Mahakamani Gesche aliletewa karatasi ya kuahidi kwamba hatakisema tena. Akakataa kutia saini. Siku ishirini jela. Siku ya nne shemeji yake akafa.

"Umeandika aliugua," Arlene alisema. "Naye alikuwa mzima kama nguzo ya ghala!"

"Baba yangu alichekwa shuleni kwa ajili yake," Merle alijibu, sasa uso umemwiva. "Mjukuu wa mfungwa, wakimwita. Alikufa hajalitaja jina la yule bibi. Wewe unataka kulipigia kengele?"

Arlene alikifunga kitabu. Hilo hakuwa akilijua.

"Pole yake," alisema. "Lakini aliyestahili kuona haya ni yule aliyetega sikio kwenye simu. Siyo sisi."

Akafungua mkoba wake. Kumbe alikuwa ameshashuku, akachapisha ukurasa wake mwenyewe, nakala sitini: hukumu neno kwa neno, na chini yake jibu la Gesche kama karani alivyoliandika. Akaanza kuzichomeka, kitabu baada ya kitabu.

"Arlene, acha!" Ukumbi mzima ukageuka. "Sikukupa ruhusa!"

"Sikuja kuomba."

"Nitazitoa zote."

"Zitoe. Ila zitoe mbele yangu, na mbele ya baba mdogo."

Mzee Harlan, baba mdogo wa Arlene, alikuwa na miaka sabini na minane, ndiye pekee mle ndani aliyewahi kumwona Gesche. Alikuwa amekwisha chukua karatasi moja, ameisogeza karibu na pua.

"Maandishi haya yanasemaje hapa chini? Macho yangu haya."

Arlene akamsomea kwa sauti ya darasani, ili na wa meza ya mwisho wasikie: "Mshtakiwa alisema: dada yangu akiniita usiku au mchana nitamjibu kwa lugha aliyoniitia. Mkinifunga, mtanifungua, nami nitampigia tena."

"Na alimpigia," mzee alisema. "Siku aliyotoka, hata kofia hajavua. Nilikuwepo jikoni, mtoto wa miaka sita. Alipiga kelele kwenye ile simu mpaka mbwa wakabweka."

Mtu akacheka, kisha meza nzima. Merle hakucheka. Aliweka kisu, akamwambia mkewe achukue koti lake, wakatoka, gari likasikika likiondoka.

Arlene alibakiwa na vitabu ishirini na viwili. Akaendelea kuchomeka.