Mzee Mwashi Alisema Mzima

Ofisini walimwita Chapchapu, na jina likamkaa kama kofia. Kazi ya wiki mbili yeye anaimaliza kabla chai haijapoa! Safari hii hospitali ilimkabidhi wagonjwa arobaini walioruhusiwa mapema wauguzwe nyumbani, muuguzi wa mtaa akiwapitia kila baada ya siku mbili kusafisha vidonda. Awafuatilie, aseme mpango unafaa au haufai. Ukifaa, wodi moja inafungwa.

Chapchapu akajifungia na simu.

"Shikamoo mzee, napiga kutoka hospitali. Waendeleaje?"

"Marahaba mwanangu, mzima kabisa."

Vema! Mwingine. Kufika saa saba mchana, arobaini kwa arobaini, wazima wote.

Wiki ikapita, ripoti ikabakiza picha ya jalada tu. Akamchagua mzee mmoja, mwashi mstaafu aliyekatwa kidole cha mguu kwa ugonjwa wa sukari. Kwake karibu, basi moja tu.

Harufu ikampokea mlangoni kabla ya mwenyeji. Mzee kakalia ndoo iliyopinduliwa, mguu juu ya kiti, bandeji imekuwa rangi ya udongo.

"Muuguzi hajapita?"

"Hata kivuli chake," mkewe akajibu. "Siku ya kumi na moja leo. Bandeji ni hiyo hiyo tuliyotoka nayo."

"Sasa mzee, si nilikupigia? Ukasema mzima kabisa!"

Mzee akacheka, meno mawili nje. "Uliniamkia, nikakuitikia. Ulitaka nianze kukutajia usaha, hata hatujajuana? Ungeuliza mguu, ningekujibu mguu. Nawe ukakata simu kama unafukuzwa!"

Chapchapu akataka kucheka naye. Wapi!

Akaita teksi, wakambeba hadi hospitali. Daktari akafungua bandeji, kisha akapitisha mkono chini kidogo ya goti. "Tutakata hapa. Wiki iliyopita tungesafisha tu, yakaisha."

Wiki iliyopita. Siku ile ya simu.

Kwenye benchi la nje, mke wa mzee akamshika mkono. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Wenzako wangeishia kwenye simu. Wewe umekuja."

Angeweza kuitikia amina, mambo yakaisha. Hakuna aliyejua.

"Nilikuja kupiga picha, mama," akasema. "Ya ripoti. Nilishaandika kwamba mzee amepona."

Mkono ukalegea, ukarudi kwenye kanga. Mama akatazama mlango wa chumba cha upasuaji.

"Basi picha usimpige," akasema. "Hapendi kupigwa amelala."

Simu ikalia. Bosi: *Chapchapu, ripoti iko wapi?* Hakujibu. Akafungua orodha, akafuta alama zote arobaini za "mzima", akaanza na jina la juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mzima kabisa."

"Nashukuru. Sasa mama, hiyo bandeji, nani alibadilisha mara ya mwisho? Siku gani?"

Kiti kikasikika kikivutwa.

"Ngoja nikae, mwanangu."