Utepe Mwekundu

Mwenye ukumbi wa harusi hakuamini katika kujaribu. Alisema kujaribu ni kazi ya wasiojua. Kwa hiyo mpwa wake, aliyeitunza tovuti ya ukumbi, alipomwambia kwamba kabla ya kugusa chochote ni lazima atengeneze nakala yake, afanyie mabadiliko huko, ayakague, ndipo ayahamishie kwenye tovuti halisi, mjomba alimtazama kama mtu aliyeambiwa avae koti juu ya koti.

Alikubali kwa sababu moja. Bintiye alikuwa anaolewa mwezi huo katika ukumbi huohuo, na baba wa bwana harusi, jaji mstaafu aliyeitwa Mheshimiwa hata nyumbani kwake, hakuipenda ndoa hiyo tangu mwanzo. Alikosa tu sababu ya kutamka mbele za watu, na mjomba hakutaka kumpa. Mara ya mwisho alipobadilisha tovuti kwa mkono wake mwenyewe, picha ya ukumbi ilikaa kichwa chini miguu juu wiki nzima, na bado alidai wateja waliipenda.

Nakala ikatengenezwa. Ilifanana na tovuti halisi kama pacha: kalenda ileile, majina yaleyale ya maharusi, rangi ileile ya dhahabu ambayo mjomba aliichagua na hakuna aliyethubutu kuisema. Tofauti zilikuwa mbili. Ujumbe uliotoka kwenye nakala haukwenda kwa wateja. Uliishia kwenye barua pepe ya mpwa. Na juu ya kila ukurasa palikuwa na utepe mwekundu: HII NI NAKALA YA MAJARIBIO.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa kitufe. Mjomba alitaka aweze kufuta harusi zote zilizopangwa kwa mpigo mmoja, paa likivuja au umeme ukikatika, na kila mteja apate ujumbe wa adabu. Mpwa alikitengeneza kwenye nakala, akakiwekea swali: Una hakika? Mjomba akakipenda kama mtoto anavyopenda filimbi. Kila asubuhi alikibonyeza, akaitazama kalenda ikibaki tupu, akacheka peke yake. Kila adhuhuri mpwa aliijaza upya.

Kisha akaanza kukosoa. Utepe ule, alisema, unafanya ofisi ionekane bucha. Uondolewe. Na lile swali lina dharau ndani yake.

"Mimi ni mkurugenzi," alisema. "Mkurugenzi haulizwi kama ana hakika."

Mpwa alieleza kwa utulivu kwamba bila utepe hakuna atakayejua yuko upande gani. Mjomba akajibu kwamba anaijua tovuti yake kama anavyowajua wanawe. Ilikuwa kweli, maana wanawe nao alikuwa akiwachanganya majina. Utepe ukatoka, swali likatoka, na kwa amri yake kitufe kikahamishiwa kwenye tovuti halisi.

Kesho yake alasiri Mheshimiwa alikuja kukagua mpangilio wa viti. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta ufa ukutani, kama ukumbi huu una utaratibu wowote. Mjomba hakungoja kuulizwa mara mbili. Aligeuza kompyuta imwelekee mgeni, akafungua alichoamini ni nakala, akaeleza kwamba hapa mambo hujaribiwa kwanza, kisayansi, na kwamba hilo lilikuwa wazo lake.

"Tazama, mkwe," alisema, akabonyeza.

Kalenda ikabaki tupu, vizuri sana. Simu ya Mheshimiwa, ambayo namba yake iliandikishwa kwa harusi ya mwanawe, ikalia mfukoni. Akaitoa, akavaa miwani, akasoma kwa sauti aliyokuwa akisomea hukumu:

"'Harusi yenu imefutwa. Asanteni kwa kutuchagua. Karibuni tena.'"

Mjomba alieleza kwamba hayo ni majaribio tu. Mheshimiwa akainua simu na kuuliza kama nayo ni ya majaribio.

"Nimekuwa nikitafuta namna ya kulisema jambo hili kwa adabu," alisema akisimama. "Naona mmeniwahi."

Hakupandisha sauti. Njiani alimuaga hata karani wa mapokezi.

Mpwa akaitwa. Nakala ya kweli ilikuwa na kalenda nzima kama alivyoijaza adhuhuri. Akairudisha yote kwenye tovuti, akawaandikia wateja kuwaomba radhi. Karibu wote walisamehe. Bwana harusi mmoja tu aliuliza kama yake inaweza kubaki imefutwa.

Mjomba alisimama nyuma ya kiti cha mpwa akifuatisha kwa kidole. Siku ya bintiye ilikuwa imerudi mahali pake, kwa rangi ya dhahabu.

"Basi yamekwisha," alisema. "Mkwe aambiwe imerudi."

"Tarehe ndiyo imerudi, mjomba. Mkwe hayumo kwenye tovuti."

Binti alipopata habari hakulia mbele ya mtu. Alimpigia simu binamu yake, yule mpwa wa tovuti.

"Dada," alisema, "hukuweza kututengenezea nakala ya baba?"

Mjomba aliichunguza ajali hiyo mwenyewe, akatoa matokeo: kosa lilikuwa kukosekana kwa utepe, na aliyeuondoa ni mpwa. Akaamuru urudishwe, mkubwa zaidi, na ili mtu asichanganye tena, uwekwe kwenye tovuti zote mbili. Mpwa alimuuliza kama ana hakika. Akakumbushwa kwamba mkurugenzi haulizwi.

Akauweka. Sasa kila anayefungua tovuti ya ukumbi huanza kwa kusoma, kwa herufi nyekundu, kwamba hii ni nakala ya majaribio, na wengi huamini wanachosoma.