Msingi wa Banda la Brigita

Vumbi jekundu la njia itokayo Nangurukuru hupanda mlima bila kuitwa. Huingia chunguni, huingia kitandani, hulala juu ya mikorosho. Asubuhi ile lilikuwa limelala juu ya manyoya yaliyotapakaa uani kwa Brigita. Kicheche alikuwa amepita. Na alipita chini.

Chini! Wezi wote wa Brigita walipita chini. Hajasahau, na hatasahau. Watu wa mradi walikuja na bati la kung'aa na hotuba ya kung'aa, wakasimamisha banda juu ya mchanga mtupu, wakapiga picha, wakaondoka. Ndivyo tunavyopewa siku zote sisi wa milimani: juu paa la kushukuru, chini ya paa shimo.

Sasa amebaki mtetea mmoja, kishingo asiye na manyoya shingoni, mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake, analalia mayai jikoni ndani ya kapu. Akienda huyo, mbegu imekwisha.

Basi Brigita akashika jembe. Anza chini, mama, akajiambia, anza chini. Akachimba mtaro kulizunguka banda, hadi magotini, akaupangia mawe ya mlimani, jiwe likibana jiwe, hata kidole kisipate pa kupita.

Jirani yake Rehani akasimamisha baiskeli. "Shemeji, hilo banda la kuku au ngome ya kale ya Kisiwani?"

"Ngome huijenga mwenye cha kuibiwa. Shuka, kaniletee udongo wa kichuguu."

"Na mimi nitakula nini?"

"Yai. Ukichelewa, vumbi."

Akashuka, anacheka.

Udongo wa kichuguu, majivu, maji kidogo. Wakaja jirani zake Mboni na Rosalia na michi yao ya kutwangia mihogo, wakaitwanga sakafu, huyu akipandisha, yule akishusha, ti, ti, ti, na wimbo ukajitafutia njia vifuani mwao. Brigita alitwanga na yake ya moyoni: hotuba, ti! Picha, ti! Ahadi, ti!

"Imeshakuwa jiwe hiyo, shemeji," Rehani akasema. "Mtaiua."

Brigita akakanyaga kwa kisigino. Kikaacha alama. "Bado."

Wakatwanga tena, wakaiinamisha kidogo kuelekea mlangoni, maji yapite yasilale. Akakanyaga tena. Kisigino hakikuacha kitu.

Vifaranga walipototolewa, akawahamishia humo na mama yao, akafunga mlango, akaenda kulala kama mtu aliyemaliza kusema.

Asubuhi vumbi jekundu lilikuwa limetanda kulizunguka banda, na juu yake nyayo za kicheche. Zimezunguka, zimekwaruza jiwe, zimezunguka tena, zimeshika njia ya porini. Na ndani, juu ya sakafu, vumbi kidogo lililopenya mlangoni, na juu yake nyayo nyingine, nyembamba kama njiti za kiberiti, zikienda huku na huko bila haraka.

Siku hiyo Brigita hakufagia.